Mche mfupi si lazima uwe mti mfupi: miti ya kijani ya ua wa nyumba, kutoka kitaluni hadi Mururu

MURURU, RUSIZI – Mfanyabiashara anayevusha mizigo kati ya Rwanda na Kongo anaijua Mururu kwa mambo mawili: mpaka wa Rusizi ya Pili na mitambo ya umeme iliyoko kwenye mto Rusizi. Kituo cha kwanza cha umeme kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Cha pili, kilicho chini ya SINELAC, shirika la pamoja la Rwanda, Burundi na Kongo, kilianza kazi mwaka 1989. Nyaya zinazotoka hapo hupita juu ya vilima, mashamba na makazi ya watu.

Kando ya barabara hiyo ya mpakani watu wanajenga. Nyumba ikiisha, mwenye nyumba huanza kufikiria ua. Kiwanja ni kidogo na kiko kwenye mteremko. Anataka mti wa kijani mwaka mzima, usiopukutisha majani, usioziba dirisha wala kufika kwenye nyaya za umeme. Ndipo anapomwambia dereva aliyemletea saruji kutoka Bugarama: "Safari ijayo niletee ile miti mifupi ya Krismasi."

Ombi hilo huonekana dogo. Hata hivyo, miche ni mzigo ulio hai. Unaweza kufa njiani, kuzuiliwa mpakani au kufika salama na kuanza kurefuka mpaka mteja akaja kudai fedha zake. Makala haya yanaeleza miti hiyo ni ipi, ufupi wake unatoka wapi, ipi inafaa katika nchi yetu, jinsi ya kuipanda, na mambo ya kuangalia kabla ya kuipakia garini. Ikiwa utakumbuka jambo moja tu, likumbuke hili: mche mfupi si lazima uwe mti mfupi.

NI MITI GANI HII?

Tunazungumzia miti ya jamii ya misonobari na sipresi. Majani yake ni kama sindano au kama magamba madogo yaliyopangana. Haina maua ya rangi, na mbegu zake hukaa ndani ya koni, yaani tunda gumu lililo kama gome. Mingi hubaki kijani mwaka mzima.

Katika eneo letu inayojulikana zaidi ni sipresi, ambayo watu wengi huiita mti wa Krismasi. Jina lake la kitaalamu, Cupressus lusitanica, lina maana ya sipresi ya Ureno, lakini asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Ipo pia misonobari ya mbao, kama ile iliyopandwa pembezoni mwa msitu wa Nyungwe ambayo kila dereva wa barabara ya Huye na Kamembe huiona. Tunayo pia miti yetu ya asili: podo, ambayo hupatikana ndani ya Nyungwe kwenyewe, na mwangati wa milima ya Afrika Mashariki, ambao Wakenya wengi huuita mutarakwa.

Wasomaji wa Mombasa, Tanga na Zanzibar watauliza habari za mvinje. Majani yake yanafanana na sindano na watu wa pwani huupamba wakati wa Krismasi, lakini haumo katika jamii hii. Mteja wa pwani akitaja mti wa Krismasi, muulize kwanza anamaanisha upi.

Miti yote tuliyoitaja ni mirefu kwa asili. Sipresi hupita mita 20, na mwangati hufika mita 30 na zaidi. Miti mifupi anayoitaka mteja wa Mururu ni aina za pekee zilizochaguliwa na watunza bustani kutoka kwenye jamii hiyo kubwa.

UFUPI UNATOKA WAPI?

Mara chache, katika kundi la maelfu ya miche iliyoota kutokana na mbegu, hutokea mmoja unaokua polepole mno. Wakati mwingine juu ya mti mkubwa huota kichaka kilichoshonana kama kiota cha ndege. Ukikata vijitawi vya kichaka hicho ukaviotesha, unapata miche inayobaki midogo.

Mfano mashuhuri ni wa mwaka 1904. Wataalamu wawili wa Arnold Arboretum ya Boston, J. G. Jack na Alfred Rehder, walikuwa Laggan katika jimbo la Alberta, Kanada, mahali panapoitwa leo Lake Louise. Hapo waliona miche midogo ya mti uitwao sprusi, mizito na yenye umbo la pia iliyogeuzwa. Waliichukua, na kutokana nayo imepatikana ile inayouzwa duniani kote kwa jina la 'Conica'. Ndugu zake wa msituni ni miti mirefu ya mbao, ilhali wenyewe huchukua miaka mingi kufikia mita 3 au 4.

Hapa ndipo penye siri ya biashara hii. Tabia hiyo ya ufupi kwa kawaida haiendi na mbegu. Ukichukua mbegu za mti mfupi ukazipanda, mingi itarudia urefu wa mababu zake. Ili upate mti unaofanana na mama yake, ni lazima ukate kijitawi ukioteshe, au ukiunganishe juu ya shina la mche mwingine. Kwa hiyo mti mfupi wa kweli una mama anayejulikana. Ule ulioota kwa mbegu bila kujulikana umetoka wapi ni bahati nasibu.

Wataalamu wamekubaliana pia namna ya kupima ufupi. American Conifer Society, chama cha wapenzi wa miti hii huko Marekani, kimeigawa katika makundi manne kwa kuangalia inarefuka kiasi gani kwa mwaka. Kundi la vidogo kabisa huongeza chini ya sentimita 2.5. Kundi la mifupi huongeza kati ya sentimita 2.5 na 15. Kundi la kati huongeza sentimita 15 hadi 30, na mikubwa hupita sentimita 30. Mti wa kundi la mifupi, baada ya miaka 10, huwa na urefu wa kati ya sentimita 30 na mita 1.8.

Zingatia mambo mawili. Kwanza, neno "mfupi" halina maana kwamba mti umesimama kukua. Unakua kila mwaka, ila taratibu. Pili, vipimo hivyo vilifanywa katika nchi zenye majira ya baridi, ambako mti hulala miezi kadhaa. Kwetu mti haupati usingizi huo, hivyo aina ileile inaweza kukua haraka zaidi. Unapomweleza mteja, mpe kipimo cha juu, usimpe cha chini.

MTEGO WA SOKONI

Sasa turudi kwa dereva wetu. Amefika kwenye kitalu cha miche kando ya barabara. Anaona viriba viwili vimekaa pamoja. Kila kimoja kina mche wa kijani wenye urefu wa sentimita 40, na yote miwili inapendeza. Mmoja unauzwa kwa bei ya mche wa kawaida, na mwingine kwa bei ya mara nyingi zaidi. Dereva mwenye haraka atabeba ule wa bei nafuu.

Mche wa bei nafuu ni sipresi ya kawaida. Ni mfupi kwa sababu ni mtoto. Katika nchi ya milima yenye mvua kama Rusizi, sipresi changa huweza kupanda mita moja kwa mwaka au hata zaidi. Baada ya miaka michache imepita dirisha, kisha paa, kisha inafika kwenye nyaya. Mwenye nyumba ataikata kichwa, lakini sipresi iliyokatwa kwenye gogo tupu haichipui tena mahali hapo, na hubaki kisiki kikavu mbele ya nyumba.

Tufanye hesabu ndogo. Ikiwa mti mfupi wa kweli huongeza sentimita 8 kwa mwaka, ule wenye urefu wa sentimita 40 umekaa kitaluni kama miaka 5. Kwa miaka yote hiyo mwenye kitalu ameumwagilia, amepalilia, amebadilisha viriba na kulipa kibarua. Sipresi ya sentimita 40 huenda haijatimiza hata mwaka mmoja. Kwa hiyo mtu akikuuzia miti mifupi kwa bei ileile ya sipresi, jiulize ni nani aliyelipa gharama ya miaka hiyo. Hapa bei ni ushahidi, na cha rahisi huja kuwa ghali.

Kabla hujatoa fedha, muulize mwenye kitalu maswali haya:

1. Mche huu umetokana na mbegu au na kijitawi? Asiyejua jibu asikuuzie kwa jina la mti mfupi.

2. Mti mama uko wapi, na una umri gani? Kitalu makini hukuonyesha. Mti mama wa miaka 10 wenye urefu wa mita moja ni uthibitisho kuliko maneno.

3. Jina lake kamili ni lipi? Jina la jumla kama "tuya" halitoshi, kwa kuwa kuna tuya zinazopita mita 10 na nyingine zisizofika mita 2. Aina fupi huwa na jina lake la pekee. Liandikwe kwenye stakabadhi.

4. Mche una umri gani tangu uoteshwe? Linganisha umri na urefu wake.

Tazama pia mche wenyewe. Mti mfupi wa kweli huwa umeshonana, na matawi yake yana nafasi ndogo kati ya jani na jani. Ukiona shina moja linakimbilia juu na ncha laini iliyoinama, hata kama mche ni mdogo, huo una safari ndefu.

IPI INAFAA KWETU?

Mto Rusizi unatoka Ziwa Kivu, lililo karibu mita 1,460 juu ya bahari, na kuingia Ziwa Tanganyika, lililo karibu mita 770. Katika safari fupi ya gari unashuka mita 700. Uwanja wa ndege wa Kamembe uko karibu mita 1,600, ilhali bonde la Bugarama, ambalo ndilo sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, liko chini ya mita 1,000. Mteja wa Mururu na mteja wa Bugarama ni wa wilaya moja, lakini hawahitaji mti mmoja.

Tuya ya mashariki, ambayo kitaalamu huitwa Platycladus orientalis, ndiyo ya kuanzia. Asili yake ni Asia, na inavumilia joto na ukavu kuliko wengi wa jamii yake. Aina yake iitwayo 'Aurea Nana' ina umbo la yai na majani ya kijani yenye rangi ya dhahabu kwenye ncha, na kwa kawaida hubaki karibu mita moja na nusu. Inafaa vilimani, na ndiyo yenye nafasi nzuri zaidi hata kwa mteja wa bondeni.

Aina fupi za jamii ya mwangati zinazotambaa chini nazo zinafaa. Nyingine hazisimami kabisa bali hufunika udongo kama mkeka. Kwa kiwanja cha mteremko ni msaada mkubwa, kwa sababu hupunguza udongo kuchukuliwa na mvua. Zinahitaji jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji.

Podo si mti mfupi, lakini unakubali mkasi. Ukipogolewa tangu ukiwa mdogo unaweza kuwa ua mzuri wenye kimo unachokitaka, na huchipua vizuri kuliko sipresi. Ni mti wa nchi yetu na miche yake haihitaji kutoka mbali. Kwa mteja mwenye subira na mfuko mdogo, huu ni ushauri wa kweli.

Sprusi, ikiwa ni pamoja na ile 'Conica' maarufu, usimletee mteja wa ukanda huu. Ni mti wa nchi za baridi kali. Picha yake inavutia, lakini joto la bondeni litauchosha, na hata vilimani hauna majira ya kulala uliyoyazoea. Atakayelaumiwa ni aliyeuleta.

KUPANDA NA KUTUNZA

Muuzaji anayeweza kumwelekeza mteja namna ya kupanda hupunguza malalamiko kwa nusu ya safari. Maelekezo yenyewe si mengi.

Panda mwanzoni mwa mvua, yaani Septemba na Oktoba, au Februari na Machi. Mche uliopandwa Mei utakutana na kiangazi cha Juni hadi Agosti kabla mizizi haijashika. Chagua mahali penye jua. Kivulini matawi ya ndani hukauka na umbo huharibika.

Chimba shimo lenye upana mara mbili ya kiriba, lakini kina chake kisizidi kimo cha udongo wa kiriba. Toa kiriba chote. Mizizi ikiwa imejizungusha kama kamba, ichambue kwa vidole au ikate kidogo pande tatu ili itoke nje. Usifukie shina, mahali shina linapoanza pabaki usawa wa ardhi. Katika udongo wa mfinyanzi inua tuta kidogo, kwa kuwa miti hii hufa haraka kwa maji yanayotuama kuliko kwa kiu ya siku mbili.

Weka nafasi kwa kuangalia upana wa mti baada ya miaka 10. Mteja ataona bustani ni tupu mwaka wa kwanza. Mshauri apande maua ya msimu katikati. Mwagilia kwa wingi mara mbili kwa wiki wakati wa ukavu kwa mwaka wa kwanza, kuliko kunyunyizia kidogo kila siku. Funika udongo kwa nyasi kavu, lakini nyasi zisiguse shina. Mbolea kidogo ya samadi iliyooza inatosha. Mbolea nyingi ya kukuzia hurefusha matawi, huyafanya laini na kuvutia wadudu.

Kwa mkasi, wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Punguza ncha za kijani mti ukiwa mdogo, kidogo kidogo kila mwaka. Usikate hadi kwenye tawi lisilo na jani, kwa kuwa kwa tuya, sipresi na jamii ya mwangati tawi hilo halitarudi. Na ukiona tawi moja linakimbia na kuwapita wenzake wote kwenye mti uliokuwa mfupi, likate kwenye shina mara moja. Ni asili ya mti mrefu inarudi, na usipoliondoa litautawala mti mzima.

VIDUKARI: SOMO LA 1986

Kuna sababu kubwa kuliko malalamiko ya mteja inayomfanya afisa wa mpakani aitazame miche kwa jicho kali. Mwaka 1986 huko Malawi alionekana mdudu ambaye hakuwa mwenyeji wa Afrika Mashariki: kidukari wa sipresi. Kabla ya mwaka 1990 kumalizika alikuwa ameshafika Tanzania, Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Aliua sipresi za mbao mashambani, ua za majumbani, na akashambulia hata mwangati wa asili. Leo mdudu huyo amo katika orodha ya kimataifa ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani.

Kidukari huyo ni mdogo, wa rangi ya kahawia na kijivu, na hukaa kwa makundi kwenye vijitawi vya ndani. Hufyonza utomvu na mate yake ni sumu kwa mti. Tawi hukauka kuanzia ndani kwenda nje na kubadilika kuwa la rangi ya kutu. Chini yake utaona utamu wa kunata, sisimizi wengi, na ukungu mweusi kama masizi. Katika miaka ya 1990 wataalamu walileta nyigu mdogo sana anayetaga mayai ndani ya kidukari, na madhara yakapungua, lakini mdudu hajaondoka.

Vidukari wenye mabawa huweza kuruka na kupeperushwa na upepo, ila mche uliobebwa garini huwapeleka mbali zaidi na kwa haraka zaidi. Kiriba kimoja chenye wadudu kikipita mpakani usiku, hasara yake haiishi kwa aliyekipitisha. Jirani asiyenunua chochote ndiye atakayepoteza ua wake.

Kabla ya kupakia, fungua matawi ya kila mche wa tano au wa sita na utazame ndani. Ukikuta wadudu au majani ya rangi ya kutu, acha fungu lote. Usinunue hata iliyobaki mizima.

KARATASI NA MPAKA

Miche haipiti kama nguo au sabuni. Chini ya mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea wa mwaka 1951, ulio chini ya FAO, nchi hutakiana cheti cha afya ya mimea. Kwa Rwanda ukaguzi huo hufanywa na RICA. Kenya ni KEPHIS, na Tanzania ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

Utaratibu wake una mpangilio ambao wengi huugeuza juu chini. Kwanza unaomba kibali cha kuingiza kutoka nchi mzigo unakokwenda. Kibali hicho ndicho kinachotaja masharti. Pili, unakipeleka kwa wakaguzi wa nchi unakotoa mzigo, nao wanaikagua miche na kutoa cheti. Tatu, unasafiri. Anayenunua kwanza na kutafuta karatasi baadaye hujikuta mpakani na miche inayokauka. Ukaguzi ufanyike karibu na siku ya safari, kwa kuwa cheti cha mimea hakikai muda mrefu.

Wafanyabiashara wadogo wanaotumia utaratibu rahisi wa COMESA wakumbuke kwamba utaratibu huo unahusu ushuru na makaratasi ya forodha. Hauondoi cheti cha afya ya mimea. Hali kadhalika, uanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007 na Kongo mwaka 2022, haufuti karantini.

Udongo ni jambo la pili. Nchi nyingi hukataa udongo wa shambani kwa sababu hubeba minyoo na magonjwa ya mizizi. Uliza kama miche itapokelewa na udongo wake au ni lazima iwe kwenye kitu kingine kisicho udongo. Kumbuka pia kwamba Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Ulizia viriba vyako kabla ya kufika mpakani.

Jambo la tatu ni hali ya mipaka yenyewe. Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024, na Bukavu ilitwaliwa na AFC/M23 Februari 2025. Mambo haya hubadili njia, ada na ofisi inayokagua. Kwa mzigo unaoweza kusubiri ghalani, kukosea ni hasara ya siku. Kwa miche, kukosea ni hasara ya mzigo wote. Piga simu kwa wakala wako wa forodha asubuhi ya safari, hata kama ulipita wiki iliyopita.

NJIANI

Mwagilia miche jioni ya kuamkia safari, usiimwagilie wakati wa kupakia. Udongo uliolowa maji mengi ni mzito na hupasua viriba. Ipange ikiwa imesimama, imebanana, na uweke ubao pembeni isiyumbe. Usiilaze na kuipanga kwa tabaka kama magunia, kwa kuwa tawi la mti mfupi likivunjika huchukua miaka kurudi.

Upepo ndio adui mkubwa. Gari likienda kasi, majani hukauka hata kama udongo una maji. Funika kwa turubai jepesi linalopitisha hewa, na lifungue gari linaposimama juani. Usichanganye miche na saruji, chumvi au mafuta. Vumbi la saruji likikutana na unyevu hushika kwenye majani na kuyaunguza.

Mkifika, shusha miche siku hiyohiyo, iweke kivuli chepesi kwa siku chache, kisha ndipo ipandwe. Inayotoka milimani kwenda bondeni ipewe muda mrefu zaidi.

FURSA ILIYO KARIBU

Kwa mfanyabiashara anayetazama mbali, faida kubwa huenda isiwe katika kuvusha miche bali katika kuvusha michache, mara moja tu, kwa halali. Miti mama mitano iliyothibitishwa na kukaguliwa, ikipandwa Mururu, inaweza kutoa vijitawi vya kuotesha mwaka hadi mwaka. Kata ncha changa lakini zilizoanza kukomaa, zenye urefu wa sentimita 8 hadi 12. Ondoa majani ya chini, zichomeke kwenye mchanga safi wenye unyevu, chini ya kivuli, na uzifunike zisipoteze maji. Mizizi huchukua miezi, si wiki, na si zote zitakazoshika.

Anayefanya hivyo hahitaji cheti cha kuvuka mpaka kwa kila mteja wa Rusizi. Miche yake imezoea hali ya hewa ya hapa, na mteja akiuliza mama yake yuko wapi, anamwonyesha kwa kidole.

Mpaka siku hiyo, dereva aliyeagizwa "miti mifupi ya Krismasi" afanye mambo matatu kabla ya kuwasha gari: apate jina la aina kwenye stakabadhi, atazame ndani ya matawi, na awe na cheti mkononi. Mteja wa Mururu ataupanda mti chini ya nyaya kwa kumwamini yeye. Baada ya miaka 5 mti huo utakuwa unaonyesha, mbele ya kila mpita njia, kama uaminifu huo ulikuwa na msingi.